Waliobisha Mlango wa Rabai

 

Somo letu latoka katika Injili ya Luka, mlango wa 10, kuanzia aya ya 25 hadi ya 37. Twalijua sote tangu shule ya Jumapili. Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana jirani yake ni nani, na Bwana hakumpa orodha ya majirani. Alimsimulia habari ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, akaachwa karibu ya kufa. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo, akasimama. Akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, tena akaahidi kulipa zaidi atakaporudi.

Mara nyingi tunapoihubiri habari hii tunaishia penye mafuta na divai, na zile dinari tunazipita haraka. Leo twataka tusimame hapo hapo penye dinari. Kumpenda jirani kuna gharama, na kila mara kuna mtu ambaye hana budi kuilipa. Ili tulione jambo hili vizuri, tutaacha kidogo njia ya Yeriko na kutazama ukurasa mmoja wa historia ya kanisa katika nchi yetu wenyewe, wakati ambapo majeruhi hawakulala njiani wakingoja mpita njia. Walikuja wenyewe usiku, kwa miguu yao, wakabisha mlango. Mahali penyewe ni Rabai.

Kilima cha Rabai

Rabai iko juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza, ambacho wazee wetu walizoea kukiita C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, nao wawili wakaenda kukaa Rabai kwa idhini ya wazee wa Warabai. Mwaka 1848 tafsiri ya Krapf ya Injili ya Luka katika lugha ya watu wa Rabai ilipigwa chapa huko Bombay. Basi habari ya Msamaria Mwema ni miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa yaliyopata kuchapwa kwa lugha ya wenyeji wa nchi hii.

Mavuno ya miaka ile yalikuwa haba. Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya afya yake. Rebmann alivumilia mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache sana. Mtu anayepima kazi ya Mungu kwa hesabu angesema imeshindwa. Lakini lile Neno lilikuwa limekwisha kupandwa, na mvua yake ilikuwa njiani.

Wakati ule pwani yote ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na utumwa ulikuwa halali. Watu walitekwa au kununuliwa mbali sana, katika nchi za Wayao na za kando ya Ziwa Nyasa, wakaletwa pwani kwa miguu wakiwa wamefungwa. Wengine walivushwa bahari. Wengine walilimishwa mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, Takaungu na Mombasa.

Na tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haifai katika nyumba ya Mungu. Hakuna taifa moja lililobeba dhambi hii peke yake. Waliowateka watu mara nyingi walikuwa Waafrika wenzao. Waliowasafirisha walikuwa Waarabu na Waswahili. Waliokopesha fedha za misafara walikuwemo matajiri wa Kihindi. Wafaransa walinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwani kwao. Nazo pembe za ndovu na karafuu zilizotokana na jasho lile zilinunuliwa na Wazungu na Wamarekani waliokwenda kanisani kila Jumapili. Dhambi ile ilikuwa na mikono mingi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza. Kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini angalieni sana: kilichokatazwa ni biashara ya baharini. Utumwa wenyewe haukukatazwa. Aliyekuwa mtumwa Malindi kabla ya mkataba aliamka mtumwa siku ya pili yake. Katika pwani yetu utumwa haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1907. Kati ya mwaka 1873 na 1907 ni miaka 34, yaani umri wa mtu kuzaliwa, kuoa na kuona watoto wake wakiwa watumwa.

Waliorudi kutoka India

Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, wale waliookolewa hawakuweza kurudishwa makwao. Wengi wao walikuwa watoto, hawakuijua njia. Baadhi yao walipelekwa Bombay, na huko wakalelewa na wamisheni, hasa katika kituo kilichokuwa karibu na mji wa Nasik. Walifunzwa kusoma na kazi za mikono, nao wakabatizwa.

Mwaka 1864 vijana kadhaa wa namna hiyo, wengine pamoja na wake zao, waliletwa Rabai. Majina matatu yanakumbukwa sana: George David, Ishmael Semler na William Jones. Jones alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alitekwa angali mtoto, akaokolewa baharini, na huko India akafunzwa uhunzi. Aliporudi Afrika alikuja kama mhunzi na mwalimu, mtu mwenye kuujua mnyororo kwa namna mbili: aliwahi kufungwa nao, na sasa angeweza kuukata.

Mwaka 1875 C.M.S. ilifungua kijiji kipya cha watu waliookolewa, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Mombasa. Msimamizi wake alikuwa Mchungaji William Salter Price, yule yule aliyewalea vijana wa Nasik. Kijiji kikaitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1873 kushauriana na Sultani. Mamia ya watu walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa waliletwa hapo, wakapewa mahali pa kujenga na mashamba ya kulima. Kengele ilitundikwa ili kuwaonya watu hatari inapokuja. Wasafiri wa Mombasa wanaijua. Ingali pale Kengeleni, na mahali pamepata jina kutokana nayo. James Juma Mbotela, mwana wa mmoja wa watu hao, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934.

Mpaka hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Walioletwa na manowari walikuwa huru mbele ya sheria. Hakuna aliyeweza kuwadai.

Watoro

Lakini habari haina mlango wa kufungiwa. Ilifika mashambani kwamba kuna mahali Waafrika wanakaa huru, wanalima chao na kusali. Ndipo watumwa wa pwani walipoanza kutoroka. Waliondoka usiku, mmoja mmoja au wawili wawili, mama na mtoto mgongoni, wakapita vichakani, wakafika Rabai, wakafika Freretown, wakafika na Ribe, kituo cha Wamethodisti kilichoanzishwa mwaka 1862. Wenyeji waliwaita watoro.

Hapo kanisa likaingia katika jaribu. Mtoro hakuwa mtu wa manowari. Kwa sheria ya nchi alikuwa mali ya mtu, na kumficha kulihesabiwa kama kuficha mali ya wizi. Sir John Kirk, konseli wa Uingereza huko Zanzibar, aliwaonya wamisheni wasiwapokee watoro. Wakuu wa C.M.S. nao walitaka amri hiyo ifuatwe. Si kwamba watu hawa waliupenda utumwa. Kirk mwenyewe ndiye aliyefanya kazi kubwa mpaka mkataba wa mwaka 1873 ukatiwa sahihi. Walihofu kwamba wenye watumwa wangekuja kwa silaha na kuteketeza kila kitu. Hofu yao haikuwa ya bure, maana mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown kwa sababu hii hii ya watoro.

Basi, ndugu zetu, tuwaze. Ni usiku. Umelala na watoto wako. Mlango unabishwa. Nje yupo mtu usiyemjua, mgongo wake una alama za fimbo, miguu inatoka damu. Ukimfungulia, unavunja amri ya wakubwa wako na kuiweka nyumba yako hatarini. Usipomfungulia, kesho atarudishwa alikotoka. Je, Maandiko yasemaje?

Mmoja angefungua Warumi 13 na kusema mamlaka itiiwe. Mwingine angefungua waraka kwa Filemoni na kusema Paulo alimrudisha Onesimo. Lakini asome mpaka mwisho: Paulo alimrudisha Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa, naye mwenyewe akajitwika deni lake lote. Tena katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, aya ya 15 na 16, Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mtumwa aliyemkimbia bwana wake asirudishwe kwake, bali akae kati yao mahali apendapo mwenyewe, wala asionewe. Neno hili ni wazi kama jua la mchana.

Wamisheni hawakuwa na shauri moja juu ya jambo hili. Wengine walitii amri, wengine walisitasita, wengine walifumba macho. Lakini watu wa kusanyiko la Rabai waliwapokea. Waliofungua milango walikuwa wale waliorudi kutoka India, na Warabai, na Wagiriama. Hawakuwa na fedha wala askari. Walichokuwa nacho ni chakula chao cha jioni, mkeka na kipande cha shamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoro alipumzika, kisha akashika jembe, akajenga kibanda karibu na wenzake, na watoto wake wakaingia darasani. Ukipita mchana usingeweza kumtambua aliye mtoro na asiye mtoro.

Mwaka 1884 njaa kali iliipiga nchi ya Wamijikenda. Wazazi wengine walifikia hatua ya kuweka watoto wao rehani pwani ili wapate nafaka. Tunaweza kuelewa maana ya kugawana unga wakati kama huo. Mgeni wa wakati wa shibe ni furaha. Mgeni wa wakati wa njaa ni mtihani. Lakini njaa ile ilipokwisha, watoro walikuwa wangali Rabai.

David Koi wa Fuladoyo

Tusidhani kwamba kazi hii ilikuwa ya wasomi wa Bombay tu. Upande wa bara, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na Mkristo aitwaye David Koi. Alikuwa Mgiriama, mzaliwa wa nchi. Aliongoza kijiji cha Wakristo mahali paitwapo Fuladoyo, ambako watoro wengi walikimbilia. Hapakuwa na mmisheni Mzungu aliyekaa kule kuwalinda, wala bendera ya taifa lo lote. Walilima, wakasali, wakapokeana.

Wenye watumwa hawakuvumilia. Mwaka 1883 David Koi alikamatwa, akauawa. Wengi humhesabu kuwa shahidi wa kwanza Mkristo katika Kenya. Twawajua sana mashahidi wa Uganda wa miaka michache baadaye, na ni vema tuwakumbuke. Lakini ni wangapi katika makanisa yetu wamewahi kusikia jina la mkulima huyu wa Kigiriama? Hakuuawa kwa sababu ya mahubiri makubwa. Aliuawa kwa sababu alikataa kumfungia jirani mlango.

Tena tuangalie jambo lililofuata. Baada ya kifo chake watoro hawakuacha kwenda Fuladoyo. Mwaka 1890, Kapteni Lugard alipopita bonde la mto Sabaki kwa kazi ya kampuni ya Kiingereza, alikuta watoro wengi wangali wanakaa Fuladoyo na Makongeni, akaanzisha mpango wa kuwapa kazi ya mshahara ili wajikomboe. Mbegu ya Koi haikufa.

Mchungaji William Jones

Sikukuu ya Utatu mwaka 1885, Askofu James Hannington aliwabarikia William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Watoto wawili waliookotwa katika majahazi ya watumwa walivikwa vazi la utumishi. Miezi michache baadaye Hannington alifunga safari kwenda Uganda, na Jones akaenda naye. Walipofika nchi ya Kavirondo askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, yeye akatangulia na watu wachache, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa huko Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara ule mpaka pwani. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886 wakiwa na bendera yenye neno moja, Ikabodi, lile jina la katika 1 Samweli 4:21, maana yake utukufu umeondoka.

Lakini utukufu haukuondoka Rabai. Katika miaka iliyofuata, Jones akiwa kiongozi wa kusanyiko pale, watoro waliongezeka hata wakawa mamia. Alijua amri ilisema nini. Alijua pia mtoro ni nani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mnyororo. Mtu aliyewahi kulala njiani nusu mfu hawezi kupita upande mwingine kwa urahisi.

Siku ya hati

Mwaka 1888 pwani hii ilikabidhiwa kwa kampuni ya Kiingereza iliyopata idhini ya malkia, Imperial British East Africa Company. Mkuu wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa mwezi wa Oktoba aliwakuta wenye watumwa wamekasirika sana. Walidai watu wao walioko katika vituo vya misheni. Mchungaji Price, aliyekuwa amestaafu, alikuwa ameitwa tena kutoka Uingereza mwaka huo huo kusaidia. Hesabu ilipopigwa, ikaonekana kwamba watoro katika vituo vyote walikuwa zaidi ya 1,400, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rabai.

Vita vilikuwa mlangoni. Kwa upande wetu tunamshukuru Mungu kwamba Mackenzie hakuchagua kuwarudisha. Alipatana na wenyewe kwamba walipwe fidia kwa kila mtu. Fedha zikapatikana, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watu wale wakapewa hati za uhuru. Fikirini mama aliyekimbia usiku, akaishi miaka kwa hofu akishtuka kila mbwa abwekapo, anaitwa jina lake mbele ya watu na kukabidhiwa karatasi isemayo kwamba yeye na watoto wake si mali ya mtu ye yote.

Hata hivyo furaha ile ilikuwa na doa, nasi hatutalificha. Pamoja na malipo yale kulikuwa na sharti kwamba tangu hapo vituo vya misheni visipokee watoro wapya. Aliyebisha mwezi wa Desemba aliingia. Aliyebisha mwaka uliofuata alikutana na mlango mgumu. Utumwa wenyewe uliendelea miaka 18 zaidi, mpaka 1907.

Na kuna doa jingine. Mapema miaka ya 1880 ilibainika kwamba katika Freretown kwenyewe watu waliookolewa walikuwa wakichapwa viboko vikali kwa makosa ya nidhamu. Uchunguzi ukafanywa, na msimamizi wa wakati ule akaondolewa. Kumbe mtu aweza kumkomboa jirani kwa mkono wa kulia na kumpiga kwa mkono wa kushoto! Aweza kumtoa katika shamba la bwana mmoja na kujifanya yeye ndiye bwana wa pili. Msamaria hakumwambia yule majeruhi kwamba kwa kuwa amemwokoa, sasa ni mtu wake.

Nasi je?

Wapenzi, historia hii yatufundisha nini?

Kwanza, jirani hachaguliwi. Watu wa Rabai hawakukaa kikao kuamua watoro wangapi wanafaa. Mungu ndiye aliyewaleta mlangoni. Mwanasheria alitaka mpaka uchorwe, huyu ndani na yule nje. Bwana alimgeuzia swali lake, akamtaka atazame ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyeumia. Kwa hiyo tunapoulizana kanisani kama mtu fulani ni wa kabila letu, wa dhehebu letu au wa ukoo wetu, tunauliza swali ambalo Bwana alikwisha kulijibu.

Pili, dinari haziji baadaye. Msamaria alitoa kabla hajajua atarudishiwa. Fedha za mwaka 1889 zilikuja baada ya miaka ya kugawana ugali, shamba na hatari. Kama watu wa Rabai wangengoja kampuni na malkia, wasingekuwepo watu 1,400 wa kupewa hati. Mara nyingi sisi twangoja kamati, twangoja mfadhili, twangoja serikali. Hivyo vyote ni vyema katika wakati wake, lakini aliyebisha usiku huu ana njaa usiku huu. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tatu, Mungu hutumia majeraha yetu. Waliokuwa wepesi kufungua walikuwa wale waliowahi kufungwa. Nchi yetu ina watu wengi waliowahi kukimbia. Wako waliopoteza nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Wako wageni kutoka Somalia, Sudan Kusini, Kongo na kwingineko, ambao tangu miaka ya 1990 wamekaa katika kambi za Dadaab na Kakuma. Kama wewe uliwahi kukosa pa kulala, unajua mlango uliofunguliwa ulikuwa na thamani gani. Usilisahau jambo hilo sasa unapomiliki kitasa.

Tena si lazima twende Kakuma kumtafuta mtoro. Huenda yumo jikoni mwetu. Yule msichana tuliyemleta kutoka mashambani atusaidie kazi za nyumba, analala saa ngapi? Mshahara wake tunaulipa? Siku ya Jumapili anakuja nasi ibadani, au anabaki akifua huku sisi tukiimba? Mjane wa nyumba ya tatu ambaye shemeji zake wanataka kumfukuza shambani, amebisha kwetu? Kijana aliyetoka gerezani na ambaye hakuna amtakaye, akija kanisani kuna mtu wa kumpisha kwenye benchi? Tumwachie kila mmoja ajibu mbele za Mungu.

Imani yetu si maneno ya kukariri. Yakobo aliuliza yafaa nini kumwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu. Naye Yohana anasema asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Watu wa Rabai na Fuladoyo hawakutuachia vitabu vya elimu ya Mungu. Walituachia ukoo. Wako Wakristo leo katika Rabai, Kisauni na Freretown ambao babu na bibi zao walikuja usiku bila jina la heshima, wakafunguliwa. Kutoka kwao wametoka walimu, wachungaji, wauguzi na akina mama wa kusali.

Usiku wa leo, kabla hujalala, utatia komeo mlango wako, na hiyo ni busara. Ila moyo wako usiutie komeo.

Na tuombe.

Ee Baba uliye mbinguni, wewe ulitupokea tulipokuwa wageni na maskini, tukiwa watumwa wa dhambi. Mwanao alilipa deni letu lote, wala hakutufanya watumwa bali watoto. Twakushukuru kwa ajili ya watumishi wako wa Rabai, na kwa David Koi aliyeutoa uhai wake. Utupe macho ya kumwona aliye mlangoni, na mkono usio mzito wa kufungua. Utusamehe tulipopita upande mwingine wa njia. Na wale walio utumwani leo kwa namna yo yote uwafungue, ukitutumia sisi ikikupendeza. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.